Chama cha Maneno

Ghorofa ya saba ilikuwa ya herufi P. Valarie Obuya aliingia saa kumi na mbili kasoro asubuhi, ndoo mkono mmoja, mopu mkono mwingine, na alipofika kwenye masinki ya choo cha wanaume akaanza. Bomba la kwanza, "parsimony": ubahili. La pili, "paucity": uhaba. La tatu, lile lililokuwa likivuja tangu Januari na ambalo alikuwa ameliandikia ripoti mara nne, "perfidy": usaliti wa mtu uliyemwamini. Akalifuta, akalikaza, likaendelea kudondoka.

Jumba lile la Westlands lina ghorofa kumi na mbili, na kwa miezi minane alikuwa amelijaza maneno kutoka chini hadi juu bila mpangaji yeyote kuongezewa kodi. Wenye ofisi walipofika saa mbili walikuta vioo vinang'aa. Hawakujua kwamba mashine yao ya kahawa inaitwa "obsequious", yaani mtu wa kujipendekeza kupita kiasi, wala kwamba lifti ya wakubwa ni "taciturn", asiyependa kusema na watu.

"Obuya! Unaongea na nani?"

Alikuwa Kihara, msimamizi wa usafi, na fungu lake la funguo kiunoni.

"Na sinki, boss."

"Imekujibu?"

"Bado."

"Ikikujibu uiulize kwa nini hii kona iko na maji." Kihara alichungulia kona, akachungulia simu yake. "Halafu leo hakuna mtu anatoka saa sita. Eleventh floor iko na function."

Valarie aliegemeza mopu ukutani. "Boss, hii siku nilikuomba mwezi mzima umepita. Ukasema sawa. Nikaandika na barua."

"Kuandika ni kuandika. Kazi ni kazi."

"Ni mtihani, boss. Ni saa nane, hapa hapa tu Westlands."

"Mtihani wa nini tena? Si ulimaliza fomu four?" Kihara alimtazama kama mtu anayetazama bei ya unga wiki hii: hakushangaa, alichoka tu. "Haya. Pangusa ngazi zote kutoka juu mpaka basement, halafu uende. Na kesho uko kazini."

Kesho ilikuwa Jumapili, siku yake ya pekee ya kupumzika. Akasema asante. Ngazi zilikuwa mia mbili arobaini na nane. Alizipangusa zote, na kwa sababu hakukuwa na herufi iliyotosha ngazi nyingi hivyo, alirudia A mpaka F.

Alimaliza saa saba na nusu. Hakubaki na muda wa kubadilisha nguo. Akatoka na yunifomu yake ya kijani, jina la kampuni limeandikwa mgongoni kwa herufi kubwa kama namba ya gari.

*

Mtihani wenyewe ni mchujo wa ule wa kuingilia vyuo vya Marekani. Valarie hakuwahi kuota Marekani. Alipata A ya kutoa katika kidato cha nne, akaitwa chuo kikuu hapa hapa nyumbani, lakini mwaka wake ndio mwaka walipobadilisha mfumo wa kulipia vyuo. Kompyuta ya serikali ikamhesabu, ikaona mama yake ana kibanda cha mboga Kangemi, ikamweka katika kundi la watoto wa wafanyabiashara. Alikata rufaa mara mbili. Jibu la pili lilikuja na jina la mtu mwingine.

Jambo hilo si geni katika ukoo ule. Babu yake alijiandaa kwa mtihani wa darasa la nane, na mwaka wake ukaja ule ambao darasa la nane lilifutwa, akatupwa chumba kimoja na watoto wa darasa la saba kugombania nafasi zile zile. Mama yake alikuwa wa kwanza kukalia mtihani mpya wa mwaka wa themanini na tano. Akaulizwa useremala, na shule yake haikuwa na hata msumari. Kila kizazi kilifika mlangoni na ufunguo kiliouchonga kwa jasho, kikakuta kufuli limebadilishwa juzi. Na kila mara waliolibadilisha walikuwa na watoto ambao tayari walikuwa ndani.

Basi tangazo lilipobandikwa kanisani Kangemi kwamba shirika fulani la Westlands litamlipia mtu mmoja kila mwaka ada ya mtihani huo, na kumtafutia chuo, atakayeshinda mchujo ambao kila kikundi kitaleta mtahiniwa mmoja, vijana watano wakakaa chini wakaunda chama. Si chama cha pesa. Pesa hawakuwa nazo. Njambi, anayeuza viazi karai karibu na steji, alikuwa amenunua mjini, kwa muuza vitabu wa kando ya barabara, kitabu kinene cha maneno ya mtihani huo. Hakikuwa na jalada, wala kurasa za mwanzo, lakini maneno yalikuwa ndani, elfu tatu na zaidi, kila moja na maana yake. Nashon, fundi wa kuchonga mawe, akakikata vipande vitano kwa kisu cha mkate. Kila mtu akachukua kipande chake ameze.

Kanuni ilikuwa ile ile ya merry-go-round ya akina mama, ya kuchangiana kwa zamu. Walichukua vikaratasi kwenye kofia. Valarie akapata namba moja, Nashon namba mbili, Njambi tatu. Kila Jumamosi saa kumi na moja kila mmoja angemlipa namba moja maneno kumi kutoka kipande chake, amweleze maana, amsikize mpaka yashike. Akishakaa mtihani, zamu inahamia kwa namba mbili, na yule aliyepokea anaanza kulipa. Anayechelewa anatozwa faini ya maneno matano. Hakuna aliyekosa, hata Njambi wiki aliyojifungua. Alituma maneno yake kumi kwa sauti ya simu, mtoto akilia nyuma.

Wiki thelathini na nne walimlipa Valarie.

*

Langoni pa shirika, bawabu aliyeitwa Musembi, jina limeshonwa kifuani, alimzuia kwa kirungu chake, kwa upole.

"Cleaner ni gate ya nyuma, dada."

"Mimi si cleaner. Nimekuja mtihani."

Musembi alisoma mgongo wake alipogeuka kutafuta barua. "Na hii?"

"Ni ya kazini. Hii ndiyo barua yangu. Na hii ni ya chifu."

Barua ya chifu, ya kuthibitisha kwamba yeye ni maskini, ilimchukua wiki tatu kuipata, na ili apewe ilibidi aonekane kwamba bado ana kitu kidogo cha kutoa. Musembi aliisoma yote, mdomo ukienda pole pole, akaikunja vizuri kuliko alivyopewa.

"Mtoto wangu pia aliitwa chuo," akasema. "Sasa yuko tu. Ingia, mami. Uwaonyeshe."

Chumba cha kungojea kilikuwa na viti vya rangi ya machungwa na maji ya bure. Watahiniwa wa msaada walikuwa kumi na mmoja, wamekaa upande mmoja, magoti pamoja. Upande wa pili walikaa wanafunzi wanaolipa, waliokuja kwa darasa lao la Jumamosi. Valarie alitoa kipande chake cha kitabu, akakifungua penye D.

Msichana mmoja wa upande wa pili alimwinamia. Alikuwa na begi lenye jina lake, Becky, na tabasamu lisilo na ubaya.

"Sorry, ni nini hiyo unasoma?"

"Maneno ya mtihani."

"Naweza ona?" Akafunua kurasa mbili tatu kwa ncha za vidole, maana karatasi ilikuwa imelainika kama kitambaa. "Wah. 'Desuetude'. Hiyo ni nini?"

"Hali ya kitu kuachwa kutumiwa."

"Unazijua zote hizi?"

"Karibu zote."

"Manze, wewe ni noma." Becky alimrudishia kitabu. "Lakini hizi hazikujangi siku hizi. Mzae wetu nyumbani alikuwa na kitabu kama hii. Sasa ni paragraph tu, unachagua word inaingia. Hamkuambiwa?"

Valarie alimtazama. Aliyasikia maneno, akaelewa maana ya kila moja, na hayakumgusa popote. Ilikuwa kama siku ile sindano ya daktari wa meno ilipofanya kazi: alijiona akivutwa jino, akasikia sauti yake likitoka.

"Tuliambiwa," akajibu.

Wakaitwa.

*

Aliwekewa laptopu. Kompyuta alizozijua ni zile za saiba, vibanda vya intaneti, zenye mausi. Hii ilikuwa na kibao cha kugusia, na kila alipogusa, mshale ulikimbilia kona kama mende taa ikiwashwa. Juu ya skrini saa ilikuwa ikirudi nyuma.

Kifungu cha kwanza kilikuwa na mistari mitano tu, kuhusu konokono wa ziwa fulani ambao maganda yao yalibadilika rangi. Katikati paliachwa nafasi ya neno. Chini, maneno manne. Valarie aliyajua yote manne tangu kidato cha pili. Alisoma tena. Likiingia la kwanza, sentensi ilisema kitu. Likiingia la tatu, ilisema kitu pia. Miezi minane alikuwa amefundishwa kukutana na neno likiwa peke yake, limesimama kama mtu kaunta ya polisi: jina lako, maana yako, pita. Hapa maneno yalikuja na watu wao, na swali lilikuwa ni lipi litakalosikizana nao. Hilo kitabu hakikuwa na ukurasa wake.

Akachagua la tatu. Mshale ukagusa la nne. Akalirudisha.

Kifungu cha pili kilihusu mchoraji. Cha tatu, vumbi la mwezini. Kwa kifungu cha tano alianza kuelewa wanachotaka, namna mtu anavyoanza kuelewa njia wakati giza limeshaingia. Alikuwa hatafuti tena neno kubwa, alitafuta lenye kazi. Kwa cha kumi na moja hakuwa na shaka hata kidogo. Vingine vitatu vikaenda hivyo hivyo. Maswali yalikuwa ishirini na saba. Skrini ikafunga kwenye la kumi na nne, ikamshukuru.

Hakuna neno hata moja lake lililokuja. Si moja kati ya elfu moja mia tatu sitini aliyolipwa, wala ya kipande chake mwenyewe. Alikaa na mikono mapajani, akisikia yamejaa kichwani, yamepangwa ghorofa kwa ghorofa.

Janice, mwanamke wa shirika aliyesimamia, alimwita mezani wengine walipotoka. Alikuwa na miwani juu ya nywele na faili la Valarie mbele yake.

"Keti, Valarie. Ile barua yako ya kuomba nilisoma. Nilifungua dikshenari mara mbili."

"Asante."

"Si sifa, mami. Ulisomea wapi?"

Valarie akaweka kipande cha kitabu mezani. Janice alikigeuza, akatafuta jalada, hakulipata.

"Hii iko na mwaka?"

"Tulinunua ikiwa hivyo."

"Hizi maneno walitoa. Inakaribia miaka kumi sasa."

"Nani walitoa?"

"Wenyewe. Huko." Janice alielekeza kalamu dirishani, upande wa Kitisuru, ingawa Marekani haiko upande huo.

"Walitangazia nani?"

"Iko online. Kila mtu anajua."

Valarie aliitikia kwa kichwa. Kila mtu. Huyo ndiye mtu ambaye tangu zamani hupewa habari kwanza. Kila mtu alijua barabara itapita wapi kabla ya nyumba kuvunjwa. Kila mtu alijua noti za zamani zitakataliwa lini, isipokuwa bibi aliyezificha ndani ya godoro. Kila mtu hakai Kangemi.

"Yale uliyojibu, ya mwisho yote umepata," Janice alisema, akitazama skrini, na sauti yake ikashuka. "Yote, kabisa. Ungekuwa na mwezi mmoja tu na hii mashine. Lakini score ni score. Nafasi ni moja."

"Naweza kurudia mwaka ujao?"

"Kikundi kinaleta mtu mwingine. Ukishakaa, umekaa. Si mimi niliandika hiyo sheria."

"Na huyo mwingine asomee nini?"

"Kuna app. Ni ya bure kabisa." Janice alifunga faili. "Anahitaji tu laptop na wifi."

*

Mvua ilikuwa imeanza na nauli ya Kangemi ilikuwa imeshapanda maradufu, kwa sababu mvua hapa ni kodi. Valarie alitembea kando ya Waiyaki Way, chini ya barabara ya juu wanayopita wenye haraka. Hakulia. Neno la mtu wa machozi mepesi ni "lachrymose", ghorofa ya tano, dirisha la pili. Hakutaka kulikumbuka. Lilikuja lenyewe.

Chumba cha watoto nyuma ya kanisa kilikuwa kimefagiliwa. Njambi alikuwa ameleta viazi karai vilivyobaki, na mtu alikuwa amenunua soda kubwa. Walisimama wote wanne alipoingia.

"Professor!" Njambi alipiga kelele, mtoto mgongoni. "Zilikuja ngapi zangu? Sema ukweli. P mpaka S, nilikupea hata ukiwa umelala."

"Wacha mtu aketi," Nashon akasema. Nguo zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la mawe. Alitoka moja kwa moja kazini Kitisuru, wanakojenga nyumba yenye vyumba ambavyo hata mwenyewe hajui vitafanya kazi gani.

Valarie hakuketi. Aliwaambia akiwa amesimama, kwa sauti ile ile anayomripotia Kihara kwamba sabuni imeisha. Hakuna iliyokuja. Waliziondoa karibu miaka kumi iliyopita. Kitabu ni cha zamani. Sasa ni kompyuta, na hawanitaki tena, ukishakaa umekaa.

Mvua iligonga mabati. Mtoto wa Njambi alipiga chafya.

"Hakuna hata moja?" Njambi akauliza.

"Hakuna."

"Hata 'sanctimonious'?"

"Hata hiyo."

Njambi aliketi kwenye benchi la watoto, magoti yakamfikia kifuani. "Na nilimwambia landlady yangu yeye ni 'rapacious', mlafi wa pesa. Akashukuru." Alicheka kidogo, peke yake, akaacha. "Mimi ndiye nilinunua hiyo kitabu. Yule jamaa nilimuuliza, hii ni mpya? Akaniambia, madam, maneno haizeeki."

Hakuna aliyemlaumu. Mwingine alimimina soda, akampa Valarie kikombe, naye akakishika bila kunywa. Kwa muda walikaa kama watu wa matanga ambao hawakumjua sana marehemu.

Nashon ndiye aliyefungua daftari lake. Lilikuwa jipya, limefunikwa kwa karatasi ya khaki, jina lake juu kwa herufi za kuchonga. Akalilaza kwenye meza ndogo, akatafuta kalamu mfukoni.

"Haya," akasema. "Namba mbili ni nani?"

Wakamtazama.

"Fundi," Valarie alisema, "hujasikia? Hazina kazi."

"Nimesikia."

"Sasa nikulipe nini?"

"Kumi. Si ndiyo kanuni? Nimelipa wiki thelathini na nne. Sijachelewa hata siku moja. Sijapokea hata neno moja."

"Lakini hata ukizijua zote..."

"Skiza, Vale." Hakuinua sauti. "Juzi tajiri alibadilisha pulani. Ukuta wa mawe akasema anataka glasi. Na mimi nimeshachonga mawe mia tatu. Unajua nilimwambia nini? Pulani badilisha, ni yako. Mawe yangu utalipa."

"Akalipa?"

"Bado tunasumbuana." Nashon alipiga mstari juu ya ukurasa, akaandika tarehe. "Nilipe."

Valarie aliweka kikombe chini. Alitazama wale wengine. Njambi alikuwa amemshusha mtoto mgongoni na kumweka kwenye ziwa, na alikuwa akitafuta kipande chake cha kitabu ndani ya kikapu cha viazi. Basi Valarie akasimama mbele ya benchi, mikono nyuma, yunifomu imemganda mwilini kwa maji, akaanza. Alisema neno, akasema maana, akangoja. Nashon aliandika pole pole, kalamu imezama kati ya vidole vilivyopasuka kwa saruji, akirudia kila silabi chini ya pumzi. Alipokosea alipiga mstari mmoja tu, safi, akaandika tena. Hakuna aliyeharakisha. Nje walipita watu wakikimbia mvua.

Alipomaliza, Valarie akainamia kikombe chake.

Nashon alipitisha kidole kwenye ukurasa, kutoka juu hadi chini.

"Hizi ni tisa," akasema.